Kigae Kinachopitisha Mwanga

Jumatatu, 4 Juni 1956. Mbeya
Baridi. Umande umeganda kwenye majani. Vigae sita vimetoka tanurini, vyote vyeupe kama ugali, mwanga haupiti hata kwenye kimoja. Gunia la pili la udongo mweupe wa Malangali linakwisha. Tukiweka kioo kwenye tundu la kuchungulia moto kinapasuka, kwa hiyo Fundi Salum, mchomaji wetu, anachungulia tundu wazi, joto likimpiga usoni. Miaka mingi sasa. Nataka tundu lile lipate dirisha la udongo. Karakanani wananicheka. Eti udongo upitishe mwanga! Wacheke.

Alhamisi, 7 Juni
Nimevunja kigae kibovu, nikakitazama kwa lenzi ya Bwana mwenye karakana. Vitundu. Vidogo kuliko ncha ya sindano, havihesabiki. Kumbe kinachozuia mwanga ni hewa iliyobaki ndani. Mama, mfinyanzi kule Ikombe, alinifundisha kwamba hewa hupasua chungu. Hili la mwanga hakulijua. Nimesaga upya. Nimechuja kwa kitambaa mara tatu. Nimekanda mpaka mabega yanauma.

Jumanne, 12 Juni
Moto mkali kuliko yote, tangu alfajiri. Fundi tunduni, mimi ubavuni kwake, tukichungulia kwa zamu. Kila mara ananiuliza, "Rangi gani sasa, binti?" Ananipima kama mwanafunzi. Nyekundu. Chungwa. Manjano. Niliposema manjano inakaribia kuwa nyeupe, akasema, "Basi. Acheni kutia kuni." Sikukosea hata mara moja. Najivunia.

Alhamisi, 14 Juni
 Tumefungua tanuri. Vigae vinne vimepinda. Cha tano, chembamba kama ukucha, nikakiinua juani. Nikaona vidole vyangu kwa nyuma! Kivuli cha vidole vitano. Sura haipiti, lakini mwanga unapita. Nilipiga kelele.

Nikamkimbilia Fundi. Nikakishika mbele ya uso wake, jua likiwa nyuma. Akakigusa kwa kidole gumba. Kisha, "Kizuri. Cheupe kweli."

"Fundi, nimeweka mkono nyuma yake. Vidole vingapi?"

Akakaa juu ya kuni. "Sivioni, Atupele. Tangu masika naona ukungu tu. Wewe ndiye uliyekuwa unanionea."



Ijumaa, 15 Juni
Kila asubuhi namwamkia. Kila asubuhi nampa kikombe mkononi. Sikujua! Nilidhani ananifundisha. Aliogopa kuachishwa kazi, akanyamaza. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na nafsi yangu. Leo amemwambia mkewe, Mama Zuhura. Naye hakujua. Alikaa na upindo wa kanga mdomoni.

Jumatano, 20 Juni. Iringa
Nimemleta Fundi hospitali mimi, kwa basi. Vumbi la barabara ya Igawa bado liko nguoni. Daktari amemulika macho yote mawili. Mtoto wa jicho. Akasema moto umeyapika, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Umeyapika. 

Jicho la kulia litapasuliwa, huenda likaona. La kushoto limekwisha.

Halafu daktari akanigeukia. "Na wewe unachungulia tundu hilohilo?" Akamulika yangu. Bado mazima. 

Jumamosi, 14 Julai. Mbeya
Fundi amerudi. Kwa miwani minene, jicho la kulia linaona mlango, linaona watu. Tanurini harudi tena. Bwana amempa kazi ya kukanda udongo, na mikono yake haijasahau.

Kile kigae chembamba nimekikaza mwishoni mwa tundu. Kimestahimili moto mara mbili. Rangi inaonekana, joto halinifikii usoni.

Leo nimechoma peke yangu. Mchana Mama Zuhura kaniletea chai. Hajawahi kukanyaga hapa tangu aolewe. Akauliza kama anaruhusiwa kutazama tunduni. Nikamsogezea kigoda.

Ametazama muda mrefu.

"Kumbe alikokuwa akitazama ni kuzuri hivi," akasema.

Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda nyumbani.