Kasuku Wako na Kifua cha Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Huku tunaendelea vizuri. Paa limeacha kuvuja, na jirani yetu fundi cherehani amejifungua mtoto wa kike.

Mama aliugua kifua, ila sasa ana nafuu. Homa ilimpanda, akawa anakohoa hadi anashindwa kusema. Daktari akaniuliza, "Nyumbani mnafuga ndege?" Nikamweleza habari za kasuku uliyetuachia. Akasema kinyesi cha ndege mgonjwa kikikauka huwa vumbi lenye bakteria, na anayelivuta huugua mapafu. Mama alikuwa akilala chumba kimoja na kasuku huyo, kwa sababu anaongea kwa sauti yako.

Dawa zimemsaidia. Kasuku naye anatibiwa kwa daktari wa mifugo. Tundu nimelisafisha mimi, nimevaa barakoa.

Mama pia namwogesha mimi. Nikimpelekea chakula hugeukia ukutani na kuuliza, "Mwanangu atarudi lini?" Nami mwanawe nimesimama pale pale na sahani mkononi. Sikufichi, mdogo wangu, nakuonea wivu.

Juzi alikataa kula kutwa nzima. Nikajificha nyuma ya pazia la mlangoni, nikaiga sauti yako: "Mama, umekula?"

"Bado, mwanangu," akajibu, akainuka kitandani akaketi.

Nikaingia na sahani. Alikula chote, huku macho yake yakitazama mlangoni.

Ni mimi dada yako, niliyebaki na mama.