Kiti cha Mwisho Karibu na Ukuta

Ruti, Mbarara
4 Mei 2025

Mama mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima. Kifua kimepoa? Mimi sijambo, cherehani inanilisha. Simu bado nimeizima kama yule afande alivyonishauri, kwa sababu ya yule mtu anayepiga bila kusema neno, anapumua tu. Basi vumilia mwandiko wangu, Ushindi muuza samaki, na pikipiki yake, ndiye posta yetu.

Sasa keti nikuambie dhambi yangu. Kila Jumamosi alasiri naenda sinema mjini, tena peke yangu. Ni banda tu la mabati, lenye viti vya plastiki na kijana wa kipaza sauti anayefasiri filamu kwa Kiganda, akitia na maneno yake mwenyewe. Nusu sielewi, lakini nacheka. Najifunga kile kitenge cha ndege wa njano tulichogawana mimi na wewe, nanunua karanga, na simgawii mtu. Tangu Kayumba auawe, Mama, kila anayenitazama ananionea huruma. Mle ndani wote wanatazama mbele.

Mwanao,
Liliane


Nakivale
9 Mei 2025

Mwanangu Liliane,

Nimekusoma na kumshukuru Mungu kwa uzima wako. Kifua bado kinanisumbua alfajiri, mchana kinaniacha. Mahindi yamesimama vizuri, ila kuku wa jirani wanayaonja kabla yangu.

Sinema, na wewe mtoto wa shemasi. Baba yako angekuwa hai angefunga na kuomba. Na mtu mzima anakwendaje peke yake? Hata bombani kuchota maji tunakwenda wawili. Lakini umeandika kwamba unacheka, na kicheko chako sijakisikia siku nyingi. Basi nitaliombea banda hilo lisianguke.

Yule Niyomugabo hajaonekana tangu ulipomtambua kwenye foleni ya chakula hapa kambini na kusema mbele ya polisi kwamba ndiye aliyewaongoza waliomuua Kayumba, mume wako. Wengine wanasema yuko kambi ya Oruchinga. Mimi hata sura yake siijui, kule nyumbani kilima mlichoishi kilikuwa mbali na chetu, kwa hiyo kaa chonjo, nami nitakaa chonjo. Mahali unapolala sitamwambia mtu, hata wanichune ngozi.

Mama yako


Ruti
18 Mei 2025

Mama yangu,

Pole na kifua, na pole na kuku. Mimi ni mzima.

Umeuliza mtu anakwendaje peke yake. Ukienda na mwenzako unamtazama yeye: amechoka, amependa, anataka soda? Peke yangu sina wa kumtunza. Jana walionyesha filamu ya mbwa aliyepotea, upuuzi mtupu, nikalia mpaka pindo la kitenge likalowa. Hata mazishini sikulia hivyo, maana pale nilikuwa na watu wa kuwapokea na kuwalisha. Halafu nikamaliza karanga zangu nikarudi nyumbani mwepesi.

Nina kiti changu, cha mwisho karibu na ukuta. Naingia taa zikishazimwa, ili mtu asione uso wangu. Unakumbuka nilivyokuwa silali bila taa? Giza la mle halinitishi. Ni langu, nimelilipia.

Mwanao,
Liliane


Nakivale
23 Mei 2025

Mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Leo nakuandikia kwa furaha, na kifua kimelegea.

Juzi tulipata mgeni, mzee mpole anayeitwa Grégoire, wa ukoo wa marehemu mume wako. Nilimpa maziwa kama inavyopasa. Akaniambia, "Mama, miye niko wa kwa Kayumba. Nimetembea mingi juu ya kusalimia bibi yake. Liliane iko fasi gani?" Nikamjibu, "Fasi anakaa siwezi kusema, muzee wangu, njo vile polisi ilituomba." Akakubali bila kinyongo kwamba mahali unapokaa hapasemwi. Unaona mama yako anavyotunza siri.

Lakini mgeni aliyekunywa maziwa yako huwezi kumnyima na maneno, ni aibu. Basi nikamsimulia sinema yako ya Mbarara, ile Jumamosi, kitenge chetu cha ndege na kiti cha karibu na ukuta. Tulicheka sana. Akauliza tu kama ni kweli huenda peke yako. Nikamwambia ni peke yako kabisa, ndiyo raha yako.

Mzee huyo hutafuna tangawizi mbichi kutwa nzima. Aliponisikia nakohoa akaniachia kipande, nacho kimenisaidia.

Mama yako


Ruti
1 Juni 2025

Mama mpendwa,

Hujambo? Barua yako ya mwisho sijaipata. Wanasema pikipiki ya Ushindi imemfia njiani kule Kabingo na mzigo wake wote, kwa hiyo hii nampa dereva wa lori la mahindi.

Mimi ni mzima wa mwili. Ila Jumamosi mbili sasa kuna mtu anakaa nyuma yangu, na viti vingine vipo wazi. Watu wakicheka, yeye hacheki. Harufu ya tangawizi mbichi inanifikia mpaka mdomoni. Jana nikitoka nilisikia hatua zinanifuata mpaka duka la dawa. Niligeuka nikaona watu wa kawaida tu, nikajiona mjinga.

Labda ni mpweke kama mimi. Sitaki kuogopa, Mama. Nyumba niliacha, ng'ombe niliacha, kaburi la Kayumba niliacha. Kiti hiki siachi.

Mwanao,
Liliane


Mbarara, ndani ya banda
Jumamosi, 7 Juni 2025

Liliane, mwanangu,

Leo sikusalimii kama inavyopasa, unisamehe. Barua yako imenifikia asubuhi hii. Mtu huyo wa tangawizi alikuja kwangu akajiita Grégoire, wa ukoo wa Kayumba. Ni Niyomugabo. Nimemnywesha maziwa kwa mkono wangu, nikamwonyesha kiti chako. Ninaumia mpaka kwenye mifupa.

Ushindi amenileta kwa pikipiki, imeshatengenezwa. Kule Ruti mlango wako umefungwa, na mwenye nyumba, Mbabazi, anasema umepeleka nguo Biharwe na kutoka huko utapitia sinema moja kwa moja. Tulikwenda polisi. Wamesema watakuja, naye Ushindi nimemwacha pale awahimize.

Binti wa tiketi alinizuia: "Mama, ile kiti iko na mwenyewe." Nikamwambia mimi ndiye mama wa mwenyewe. Akacheka akanipisha. Nimejifunga kitenge chetu cha ndege, nimekivuta mpaka usoni. Nimekaa mahali pako, ubavu ukutani.

Taa bado zinawaka. Viti vingi vipo wazi, lakini kuna mtu ameingia sasa hivi na kukaa nyuma yangu. Tangawizi. Sijageuka, naandika juu ya goti, ndiyo maana herufi zinapanda na kushuka.

Barua hii nampa binti wa tiketi akipita kati ya viti, akupe pale mlangoni ukifika. Ukiisoma, usiingie. Usinitafute kwa macho, usiniite. Rudi kwa Mbabazi, jifungieni ndani.

Filamu ikiisha nitainuka taratibu kama mtu aliyefurahi, naye atanifuata akidhani ni wewe. Anifuate tu. Mji huu siujui, mwanangu. Njia niliyoishika ni moja tu, ile ya kituo cha polisi.

Wanazima taa.

Mama yako