Mto Uliopiga Honi

Mpendwa mshauri,

Nisaidie, mwenzio nimekwama. Mimi ni bibi, darasani sikuwahi kukaa hata siku moja, barua hii ananiandikia mjukuu wangu wa miaka kumi ambaye humu ndani tunamwita Karani, mimi nasema yeye anaandika, na nilichomwambia tunakuuliza ni hiki tu: mtoto wa miaka miwili anunuliwe treni ya kuchezea ya namna gani, ya mbao au ya betri?

Maana mdogo wake Karani, Kibonge wetu, alipotimiza miaka miwili nilikwenda kwa seremala mwenyewe, nikakaa kwenye benchi lake asubuhi nzima namsimamia, hapa piga msasa tena, hapa patamchoma mtoto, mpaka akanipa kichwa cha treni na mabehewa matatu yanayoshikana kwa ndoano za mbao, Kibonge akayakumbatia akalala nayo, nami nikajiona bibi kuliko mabibi wote, basi wiki haijaisha bibi yake mzaa baba akaja na boksi kubwa kama kabati, ndani mna reli za plastiki, taa, na treni inayokimbia yenyewe na kupiga honi, mtoto akanisahau palepale, na treni yangu unajua ilifanywa nini? Baba yao aliifanya kigingi cha kuzuia mlango wa jikoni. Kila nikienda kuteka maji najikwaa kwenye behewa langu.

Karani ameacha kuandika, ananitazama tu. Andika, mjukuu wangu. Andika hivyohivyo ninavyosema.

Mshauri, niliiba. Walipotoka Jumapili nilichukua kichwa cha ile treni ya betri, nikafumua mto ninaokalia, nikakisukumia katikati ya pamba, nikashona, nikasema moyoni nitakirudisha Kibonge akishaizoea yangu. Jioni mama yao, mwanangu wa kumzaa mwenyewe, akapekua nyumba nzima kisha akamgeukia Karani, kwa kuwa aliwahi kumkataza kuigusa.

"Umekipeleka wapi?"

"Sijakigusa, mama."

"Nani basi, bibi yako?"

Nami hapo nimekikalia! Nikajisogeza kidogo, mto ukapiga honi, nikakohoa, nikakohoa mpaka wakaniletea maji, na aliyeniletea ni Karani. Akaitwa mwongo mbele yangu, akaambiwa safari ya shule ya Ijumaa ijayo haendi, mimi nikayanywa yale maji nikanyamaza. Sasa mwanangu anataka kununua nyingine kabla mama mkwe wake hajajua, na kaniomba mimi, "Mama, wewe una jicho la vitu vya watoto, nichagulie." Uso huu nitaupeleka wapi?

Bibi mzaa mama

*

Mama yangu, shikamoo. Nimeshakuamkia, sasa nikugombeze.

Wivu wako nauelewa. Hata mimi ningejikwaa kwenye behewa lile ningelia. Lakini mtoto anakuletea maji, anaitwa mwongo kwa kosa lako, nawe unameza? Yalipitaje kooni, mama?

Swali la treni nalijibu upesi. Kwa umri huo ni ya mbao, vipande vikubwa visivyoingia mdomoni, isiyo na ncha kali. Ya betri ingojee akue, na hata hapo kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu. Kwa hiyo ulichagua vizuri tangu mwanzo, na wizi wote huo ulikuwa wa bure. Ungesema tu, "Zawadi yangu mmeifanya kigingi, nimeumia." Mdomo ulikuwepo kwa seremala asubuhi nzima, nyumbani ulikwenda wapi?

Treni mpya isinunuliwe. Gazeti hili linatoka Jumatano, safari ni Ijumaa, kwa hiyo ni leo. Waite mwanao na mumewe, fumua mto mbele yao. Usianze na "sikukusudia." Ulikusudia. Sema ulichukua wewe, kwa wivu, na ukamwacha mtoto aadhibiwe. Karani umwombe radhi kwanza, kabla ya mama yake, na umwombee ile safari. Wakikununia, vumilia wanune. Ni haki yao.

Halafu kuna jambo. Chini ya barua yako pana maneno ambayo wewe hukuyasema, na nadhani hukusomewa. Yanasema hivi: "Mshauri, mimi nilijua tangu siku ile mto ulipolia. Sikusema kwa sababu mama akijua atamrudisha bibi kwake, halafu nitabaki bila bibi."

Umesikia, mama? Ulikuwa unamficha aliyekuwa anakufichia siri.

Na wewe Karani, najua ndiye unayesoma hapa kwa sauti. Umebeba vya kutosha, mwanangu, hivi ni vya watu wazima. Ishia hapa, kunja gazeti, mshike bibi mkono ainuke kwenye huo mto. Mkasi aushike mwenyewe.