Jembe Yako ku Salongo

Papa Parfait wangu,

Simu yako haipite tangu Pasaka ya mwaka jana, ndiyo maana namupa tonton Pascal hii barua, anakuja huko kwako Kanada. Mutoto wako Parfait ameota meno ya mbele.

Huku Nyantende bomba ya maji inakuja. Kila siku ya samedi kijiji yote tuko ku salongo, kazi ya wote, tunachimba mutaro, kila nyumba mwanaume mumoja. Kwetu ni mimi naendaka na jembe yako, wakiita jina yako, najibu: «Iko!»

Jana hawakuiita. Chef wa kijiji alisoma majina ya wajane, wale wenye hawachimbe, na yangu ilikuwa ndani. Akaniambia na huruma: «Maman, enda upumuzike.»

Nikamujibu: «Muzee, hii jembe iko na mwenyewe.» Nikachimba mupaka mutaro ikanifika ku kiuno.

Bibi yako,
Adélaïde