Valvu Kumi Ziko kwa Watu

Makadara, Mombasa
4 Machi 2024

Kwa mwanangu Kenneth,

Pokea salamu zangu na za mamako. Sisi wazima, ila goti lake bado lagombana na ngazi. Wewe je, kifua kimepona na baridi ya Nairobi?

Nakuandikia kwa kuwa simu hupokei, na katoni ya mara iliyopita uliirudisha tupu, hata karatasi ya ahsante hamna. Haya. Humu mna valvu arubaini, zile taa za kioo za ndani ya redio na amplifaya, zote nimezipima. Kioo nimekipangusa kwa brashi ya kunyolea, miguu nimeisugua kwa msasa laini. Penye maandishi sikugusa, nawe usiguse. Rangi ile ya zamani kidole kimoja chaiondoa.

Kumi na moja hazikuwa na jina tokea nilipoziokota Kibarani, enzi ya jalala. Nimezitambua kwa mabati ya ndani. Ni za kugeuza umeme, zile ndogo, mwisho wa kubeba ni miliampea 125. Zile kubwa za 250 zaingia tundu hilo hilo, kwa hivyo kila moja nimeifunga na kikaratasi chake cha nambari. Usivitoe.

Babako

---

Nairobi
17 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Mzigo umefika, hakuna iliyovunjika. Kifua kimepoa. Samahani kwa simu, kazi zimenizonga.

Watu wa santuri wamekuwa wengi huku, na wote wanataka zile kubwa za 250 za Uholanzi. Unazo? Kama huna, nitumie ndogo zilizobaki, lakini zifute kwa spiriti, maandishi yote yatoke. Zinapendeza zikiwa safi.

Mpe Mama shikamoo yangu.

Mwanao, Kenneth

---

Makadara
25 Machi 2024

Mwanangu,

Hatujambo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama penye spiriti.

Hii kazi hakunifundisha mtu. Nimeungua vidole, nimepigwa na umeme, nikajua. Sijapata kusikia fundi akifuta jina la dawa kwenye chupa ati chupa ipendeze. Nina swali moja: wataka nizifute kwa nini?

Situmi kitu mpaka unijibu.

Babako

---

Makadara
20 Mei 2024

Kenneth,

Natumai u mzima. Majibu ya swali langu ameniletea Aidarus, yule muuza vitambaa jirani yangu.

Aliingia kibandani na amplifaya kwapani, yanuka moshi. Akanambia, "Fundi Baya, nimenunua valvu kwa mtandao, kumbe nimenunua jiko." Muuzaji ajiita Kenny wa Valvu, Nairobi. Nikaichomoa ile valvu. Kiooni pana maandishi ya dhahabu, mapya, yasema ni kubwa ya 250. Ndani nikaona mabati ya ile ndogo. Nikaipindua. Chini ya kitako pana nukta nyekundu ya rangi ya kucha ya mamako. Kila valvu niliyoipima mimi huitia nukta hiyo, ili ikirudi niijue.

Aidarus akaniuliza, "Wamjua huyu Kenny?" Nikajifanya natafuta bisibisi.

Ukiibebesha ndogo mzigo wa kubwa, yacheza wiki, yacheza mwezi, kisha yapiga cheche, na transfoma yashika moto. Aidarus alikuwa karibu, akang'oa waya ukutani. Aliyelala je? Aliyetoka akaiwacha yaimba?

Ulichukua kumi na moja. Moja imerudi. Kumi ziko kwa watu. Nataka kila aliyenunua aambiwe azime. Matusi ya kukupa nitayapanga baadaye.

Babako

---

Makadara
8 Juni 2024

Kenneth,

Mama hajambo. Sijamwambia.

Hujajibu. Nikisikia king'ora cha zimamoto nasimama barabarani nitazame chapita wapi. Mteja kaniuliza kama nimefiwa.

Hata uniandikie matusi, andika. Lakini wambie watu wazime.

Babako

---

Nairobi
21 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Nilikuwa nawatafuta ndio maana kimya. Na niseme kweli, nilikuwa naogopa mwandiko wako.

Baba, niliona mtu hasikii tofauti ya 125 na 250, anasikia jina tu. Sikufikiria moto. Tisa nimewapata, wamezichomoa, mmoja ameapa kunishtaki. Wa kumi simu yake haishiki. Ni kijana aliyemnunulia nyanyake, ya kutia katika redio yake ya zamani yenye santuri juu. Mzigo niliutuma kwa bibi mwenyewe, yuko huko huko kwenu Mji wa Kale, anaitwa Mejumaa, nyumba ya pili nyuma ya msikiti wenye mlango wa kijani.

Kukupigia simu naona haya, barua hii nampa dereva wa basi la usiku huu. Tafadhali nenda, Baba.

Mwanao, Kenneth

---

Makadara
23 Juni 2024

Kenneth,

Barua ilifika jana adhuhuri. Kibanda sikufunga, nilikiacha wazi nikaenda.

Kichochoro kile nyumba zimepakana, na ndani dari ni boriti kavu za miaka mia. Nikasikia redio kabla ya mlango. Nikapiga hodi, bibi akajibu, "Kama wauza, sinunui. Kama wadai, aliyekopa amekufa!"

Nikamwambia, "Mimi fundi, redio yako ina hatari." Akafungua. Ubao wa nyuma ulikuwa wa moto hata mkono hautui, na ukingo umeanza kuwa mweusi. Nikazima ukutani. Nikakaa chini kwenye mkeka wake bila kukaribishwa.

"Ehe," akasema, "fundi gani huyu aingia na kulala?"

Valvu yako nimeichomoa. Kubwa ya kweli nilikuwa nayo moja, nimejiwekea akiba, nikaenda nayo. Nimemtilia hiyo. Redio yaimba.

Kisha akaniuliza, "Na huyu aliyemuuzia mjukuu wangu, ni mtu wa wapi?"

Ningeweza kusema ni mtu wa Nairobi, na isingekuwa uongo. Nikasema, "Ni mwanangu."

Alichukua birika. Akanimiminia kahawa, akasema, "Basi mlete. Nataka kumuona aliyetaka kunichoma."

Nimemwambia Jumamosi, baada ya alasiri. Panda basi la Ijumaa usiku. Ukija, tutakwenda wawili. Usipokuja nitakwenda vivyo hivyo, nikae pale mkekani, na akiniuliza uko wapi, sijui nitamjibu nini.

Babako