Panya Wanaozunguka

Jumatatu, 8 Machi
Maji, mahindi yaliyosagwa, maranda mapya. Panya kumi na mmoja. Sita wanazunguka pale pale tangu asubuhi, vichwa vikitikisika kana kwamba wanakataa jambo. Tangu maabara ya hospitali nilikofanya kazi ifungwe, na daktari wake arudi kwao, nawatunza katika chumba cha marehemu mke wangu, Monika. Naomba anisamehe.

Jumatano, 10 Machi
Vijana wa hapa wamefukuza familia nne za mtaa wetu, zote za asili ya mkoa wa Kasai kama mimi, wakitutaka turudi kwetu. Magodoro barabarani. Mimi nilizaliwa hapa Kolwezi. Baba yangu ndiye aliyeletwa kuchimba shaba. Kwangu waliingia hadi chumba cha panya. Wakatoka kinyumenyume. Hawakugusa hata kiti. Mlangoni wamechora msalaba wa makaa. Sijui ni wa kunilinda au wa kunizuia.

Ijumaa, 12 Machi
Mama Kaji, jirani, mtu wa hapa, ameniletea bukari, ugali wa huku, kama kawaida yake. Alicheka. "Tata, banasema uko mulozi. Acha baseme! Bale bapanya yako banakulinda kupita askari."
Sikumwambia kwamba mimi si mchawi. Katekista wa miaka thelathini, nikanyamaza. Nataka kubaki hapa nizikwe kando ya Monika. Ni hilo tu. Naona aibu.

Jumapili, 14 Machi
Kanisani, niliketi peke yangu kwenye benchi langu. Mtoto mmoja alinipa mkono wa amani. Mama yake akaufuta kwa kitenge.
Nyumba zile nne hazina mtu. Nikipita nasikia kucha zikizunguka sakafuni, mle ndani. Nimerudi kuhesabu panya wangu. Kumi na mmoja, wote vizimbani.

Jumanne, 16 Machi
Mtoto wa barabara ya pili amekufa kwa homa. Wanamtaja Mama Kaji: eti nimemfundisha uchawi, eti chakula anacholeta ni malipo. Wamevunja madirisha yake. Kesho watamrudia.
Kimya changu ndicho kilichofanya haya.

Jumatano, 17 Machi
Nilikwenda matangani kwa mtoto yule na kizimba kimoja cha panya. Niliomba radhi kwa kuwasumbua wafiwa. Nikaeleza kama daktari alivyoandika daftarini. Ndani ya kila seli ya mwili mna nyuzi ndogo mno zinazoishikilia. Zikimaliza kazi, sharti zikatwe, ili seli igawanyike na viungo viumbike vyema. Panya hurithi kwa wazazi kitu cha kuzikata. Hawa, daktari alidhani, wamerithi kilichoharibika. Macho yamedumaa. Mirija ya ndani ya sikio, inayomjulisha mnyama kwamba kichwa kimegeuka, haikuumbika. Hawalogi mtu. Wanatafuta kusimama.
Watu waliinama kuwatazama panya. Kisha kiongozi wa vijana akacheka.
"Kumbe ni bugonjwa tu! Basi tata, funga bitu yako. Treni ya Kasai iko pa gare."
Mama Kaji hawakumgusa.

Alhamisi, 18 Machi
Niliwalaza panya usingizi wa mwisho kwa etha ya maabara, mmoja mmoja. Chumba kikanyamaza. Nyumba zile nne hazikunyamaza.

Jumamosi, 20 Machi
Stesheni. Siku ya tatu sisi tuliofukuzwa tunalala chini. Treni haijaja. Mvua.
Mama Kaji amekuja kwa miguu. Hakulia. Aliuliza tu Monika yuko upande gani wa makaburi, apate kumpalilia. Nimemchorea njia kwenye karatasi ya daftari hili. Safu ya saba, karibu na ukuta. Nafasi iliyo kando yake bado haina mtu.