Baba Aliniambia Nisionekane Uwanjani

Kwako Anti Merle,

Hii ni mara ya nne naianza barua hii na mara tatu nimeichana, kwa hiyo nisamehe nikienda mbio, maana nikisimama kupumua nitaichana tena. Nina miaka kumi na saba, naishi kitongoji cha Reservoir na baba, mama na bibi mzaa mama, wiki nzima nasoma kwa Kiingereza na Jumamosi asubuhi nasoma shule ya Kigiriki, na katika lugha zote mbili walimu wameandika kwenye ripoti kwamba mimi ni kijana mzuri ila hasemi. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu nimeharibu jambo na sijui kama nimeliharibu mimi au lilikuwa limeharibika tangu mwanzo.

Najua wewe gazetini hujibu zaidi mambo ya ndoa, kwa hiyo nieleze upesi. Baba alicheza futiboli, hii yetu ya mpira wa umbo la yai unaopigwa kwa mguu na kudakwa kwa mikono, mechi mia moja na kumi na mbili kwa klabu yake, na mtu akifikisha mechi mia, mwanawe akifika umri wa kuchaguliwa klabu ile ina haki naye kuliko nyingine zote. Ila si bure. Klabu nyingine ikinitaka mapema siku ya uchaguzi, klabu zote zinapochagua vijana wapya kwa zamu, itataja jina langu, na hapo klabu ya baba lazima itoe nafasi zake nzuri za kuchagua vijana ili inibakize. Asiponitaja mtu mpaka mwishoni, wananipata kwa nafasi hafifu ambayo hakuna wa kuijutia. Kwa hiyo mtoto wa mchezaji wa zamani anatakiwa awe mzuri, lakini ikiwezekana isijulikane kwamba ni mzuri. Nikiliandika naona ni jambo la ajabu, lakini kwetu linazungumzwa mezani kama hali ya hewa.

Mwezi wa nne nilicheza mechi moja vizuri. Sijisifu, nasema tu kilichotokea, nilidaka mipira kumi na moja juu ya vichwa vya watu, na kila nilipoushika kule juu nilijisikia kama nimeingia nyumbani nikakuta hakuna mtu, kimya, kila kitu mahali pake. Kwenye gari tukirudi baba hakuwasha redio.

"Umecheza vizuri mno," akasema.

"Asante."

"Sijakusifu. Pale kwenye uzio kulikuwa na watu wa klabu nne na madaftari yao. Wanne, mwanangu. Ukiendelea hivi watakutaja mwanzoni kabisa, na sisi tutabaki na nini cha kuchukulia wengine?"

"Sasa nifanyeje?"

"Punguza kidogo. Usicheze vibaya, sijasema vibaya. Usionekane tu."

Baba akisema "sisi" anamaanisha klabu. Aliacha kucheza kabla sijazaliwa, lakini kwenye chumba cha wachezaji kuna kabati namba thelathini na moja, mlangoni yameandikwa majina ya wote waliowahi kuvaa jezi ya namba ile, lake limo, na chini kabisa pamebaki nafasi ya jina moja, na kila mwaka siku ya wachezaji wa zamani hunipeleka kuitazama ile nafasi. Tunaitazama tu, kisha tunaenda kula soseji.

Basi nikapunguza. Anti, nilipunguza vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Nilimwomba kocha anihamishie nyuma, pembeni mwa goli letu, nikawa naupiga ngumi mpira ambao ningeweza kuudaka, nikawa nafika hatua moja nimechelewa, na nikiupata nampa aliye karibu ili makofi yaende kwake. Mtu wa kwanza kwenye uzio aliacha kuja mwezi wa tano, wa pili na wa tatu wakafuata, wa nne alikuja siku ya mvua, akala pai, akaondoka kabla ya mapumziko. Baba alifurahi. "Leo hukuonekana kabisa," aliniambia, akanipiga begani. Bibi, ambaye huja uwanjani na kiti chake na blanketi lake na hajui mpango wowote, akaniuliza kwa Kigiriki, "We mtoto, mbona unasimama kule kama umepotelewa na funguo?" Nikamwambia ndiyo nafasi yangu. "Basi mwambie mwalimu wenu akupe nafasi yenye kazi."

Jumapili iliyopita alikuja nyumbani Bi. Noreen Tasker, ndiye anayeitafutia vijana klabu ya baba, ni mama mtu mzima na anamfahamu baba tangu enzi zake za kucheza. Mama alitoa chai na biskuti za lozi, naye akala mbili taratibu, akapangusa sukari iliyomwagikia daftari.

"Lindsay, mimi na wewe tunajuana, sitazunguka," akamwambia baba. "Nimemwangalia mtoto mara sita. Sioni kitu."

"Huoni kitu kivipi?"

"Sioni. Yupo, lakini simwoni."

Baba akakigeuza kikombe. "Mwezi wa nne ulimwona."

"Mwezi wa nne alikuwa na siku nzuri. Hata wewe uliwahi kuwa nayo."

"Moja tu?"

"Mbili, nikikuhurumia."

Wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Bi. Noreen akasema fomu yangu inatakiwa iwe imepelekwa Jumatatu ya tarehe ishirini na moja, kwa hiyo atakuja Jumamosi ya kabla yake kuniangalia mara ya mwisho, na kama hali ni ile ile wanaweza kunichukua kwa nafasi ya mwisho kabisa, kwa heshima ya baba. "Au tuache," akasema, akanigeukia mimi. "Wewe unaonaje, kijana?" Nikasema sawa. Sijui nilimaanisha sawa ipi.

Gari lake lilipotoka baba aligeuka kutoka dirishani. Akasema, "Haya. Jumamosi hiyo fungulia," kama vile mimi ni bomba. Nikasema sawa tena.

Jana mazoezini nikajaribu kufungulia. Mpira ukaja juu kama unavyokuja siku zote, nikaruka, ukapita katikati ya mikono yangu ukanigonga kwenye paji la uso. Wenzangu wakacheka na mmoja akaniuliza, "Vipi kaka, ulikuwa unausalimia?" Nikajaribu mara tisa, nikadaka miwili.

Sasa ndipo penye kuungama. Siku ile garini baba aliponiambia nisionekane, sikusikitika. Nilishukuru, Anti, nilishukuru kama mtu aliyeambiwa mtihani umeahirishwa. Baba anadhani nilijificha kwa ajili ya klabu, kumbe nilijificha kwa sababu napenda kujificha, na klabu ilinipa kisingizio kizuri, na sasa sijui kama chini ya kule kujificha kuna mchezaji au kuna mtu aliyejificha tu. Mpira nautaka, hilo nalijua, nikiwa darasani mikono yangu huukumbuka yenyewe. Wanaoutazama ndio siwawezi.

Je, nimwambie Bi. Noreen ukweli? Nikimwambia nitakuwa nimemchongea baba kwenye klabu, nyumba anayoipenda, na atakapoingia kule siku ya wachezaji wa zamani watu watamwangalia vingine. Nikinyamaza na siku ile nikadaka hewa, ama watanichukua kwa huruma na jina langu litaandikwa kwenye mlango ule nami nitajua ni la huruma, ama hawatanichukua na baba hatanipeleka tena kuitazama ile nafasi. Sijui lipi ni baya zaidi. Tafadhali usinipigie simu, simu yetu hupokelewa na bibi.

Mimi,
Asiyeonekana, Reservoir


Anti Merle anajibu:

Mwanangu Asiyeonekana,

Barua yako imefika jana na nimeitanguliza mbele ya mama mmoja wa Coburg mwenye ugomvi na jogoo wa jirani, ambaye atasubiri. Huu mwaka wa kumi na tisa najibu barua hapa, na sijawahi kukutana na baba aliyemfundisha mwanawe kutoonekana, kisha akashangaa kwamba haonekani.

Nianze na yeye, maana wewe huwezi kumsema. Alikosea. Anaipenda klabu yake na anakupenda wewe, na siku ile garini aliwachanganya. Kukuachia jezi yake ni haki yake. Kukuweka kama nyama kwenye friza mpaka klabu ikuhitaji, hapana. Pole, mwanangu. Lilikuwa jambo gumu kuambiwa na baba, hasa kwa upole vile.

Sasa zamu yako, na usiiname. Baba alisema upunguze kidogo. Nani alikuambia uombe kuhamishwa nyuma? Nani alikuambia uchelewe hatua moja, wiki baada ya wiki? Hayo ulijitungia. Na kulikuwa na vijana wengine kumi na saba pale uwanjani wakikimbia mpaka wanatapika, wakidhani mko kumi na nane. Hao hukuwaandikia hata mstari mmoja, nalo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Kila goli mlilofungwa kwa sababu ulichelewa makusudi, yupo mwenzio aliyelibeba akaenda nalo nyumbani. Wewe hukumnyima mtu wa kwenye uzio peke yake. Uwaombe radhi, na kama maneno yanakushinda, wakimbilie.

Unaniuliza kama chini ya kujificha kuna mchezaji. Mimi sijui, baba hajui, na wewe usijifanye unajua. Mikono iliyopiga ngumi miezi mingi haiwezi kurudi kudaka jioni moja. Miwili kati ya tisa si msiba. Nenda mazoezini mapema udake mingine mia, na usimwombe baba akutupie. Mwombe yule aliyekuuliza kama unausalimia. Naona ana akili.

Na usiitibu aibu yako, si ugonjwa. Uwanjani hakuna anayekutaka uhutubie.

Bi. Noreen mpigie wewe mwenyewe. Maneno machache yanatosha: "Tangu mwezi wa tano sikuwa nacheza kwa nguvu zangu. Jumamosi nitacheza. Ile nafasi ya heshima ya baba siitaki." Halafu kata simu kabla hujaanza kuomba msamaha. Baba usimtaje. Bi. Noreen akikuuliza nani alikutuma, mwambie miguu ilikuwa yako. Wala usidhani utamshtua. Mwanamke wa kazi ile ameona watoto wa wachezaji wakifichwa kwa kila namna, na mtu ambaye haoni kitu kweli haji kukitazama mara ya saba. Ukichukuliwa, uchukuliwe kwa ulichofanya mwenyewe. Usipochukuliwa, kila kitongoji cha jiji hili kina timu yake ya wikendi, na mpira wa kule nao huja juu vile vile.

Jumamosi mwambie kocha akurudishe mbele. Mpira wa kwanza ukija, ruka. Ukikuponyoka, ukuponyoke watu wakiona.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Nimebadilisha majina na namba ya jezi, lakini baba yako ataijua barua hii kabla hajamaliza aya ya tatu. Hajui kwamba ulishukuru siku ile garini. Anadhani amekuharibu yeye peke yake, au anadhani hukuwa na kitu tangu mwanzo, na huenda anayabeba yote mawili huku akikuambia ufungulie. Mwambie. Keti naye, anza na neno lolote, hata likiwa baya. Ukikwama, yeye ni baba yako, atasubiri.

Jibu hili nimekutumia leo Jumanne kwa tarishi, kwenye ile anwani uliyoiandika nyuma ya bahasha. Gazeti lenye barua yako linaingia madukani Alhamisi asubuhi. Una kesho nzima ya kumwambia baba kabla hajaisoma.

Anti Merle